Watoto Sabini na Mmoja wa Dokta Ninoska

Mikono ya Dokta Ninoska Berríos ilisifiwa katika mji wote wa León, Nikaragua. Alikuwa akitoa mtoto wa jicho huku anamuuliza mgonjwa habari za wajukuu, na mgonjwa hajamaliza kuwataja majina, kazi imekwisha, jicho limefunikwa, anayefuata aingie. Wazee walimwombea kanisani kwa jina. Ndiyo maana watu walichanganyikiwa waliposikia kwamba daktari wao hashiki kisu tena Jumatatu wala Jumanne.

"Amefanya kosa gani?" mlinzi wa getini alimuuliza Bi Melba, mpimaji wa macho wa kliniki.

"Hajafanya kosa. Anasoma."

"Daktari bingwa anasoma? Kumbe siku zote alikuwa anatupasua kwa kubahatisha?"

Maneno hayo yalizunguka mjini kabla ya chakula cha mchana, na kufikia Jumapili yalikuwa yamefika Nagarote kwa mama yake, muuza quesillo kando ya barabara kuu.

"Nimekunja jibini ndani ya mikate ya mahindi mpaka vidole vimepinda," mama alimwambia. "Miaka kumi na mitatu ya shule! Sasa umerudi kuwa mwanafunzi?"

"Najifunza kutafiti, mama."

"Kutafiti nini? Macho si yapo palepale usoni?"

Ninoska alicheka, lakini lilimuuma. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kuliishi. Chuo kikuu kilikuwa kimechagua madaktari wachache wa macho, kila mmoja akapewa mlezi, miaka mitatu, siku mbili kwa wiki, ajifunze kuuliza swali na kulijibu kwa ushahidi badala ya mazoea. Kila Februari kamati ya watu watatu inakaa. Ikiridhika, unaendelea. Isiporidhika, unarudi kwenye kisu siku zote tano na habari imekwisha.

Mlezi wake alikuwa Profesa Evenor Lacayo, mzee wa miaka sabini na moja aliyeacha upasuaji mikono ilipoanza kutetemeka. Shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka ungedhani linaweza kusimama lenyewe. Kila Jumanne saa tisa walikaa barazani kwake kwenye viti vya kubembea, kahawa na biskuti ngumu za mahindi katikati yao, na mzee akafungua kalamu nyekundu. Mpango wa kwanza wa Ninoska uliingia na kurasa kumi na moja, ukatoka na moja na nusu. Siku hiyo alikwenda kulia msalani. Mke wa profesa, Bi Socorro, akamgongea mlango.

"Lia tu, mwanangu. Aliyekutangulia alilia mpaka maji ya tangi yakatuishia."

Mzee alikuwa na swali moja tu maishani mwake: "Umejuaje?" Ukimwambia dawa hii inasaidia, umejuaje? Ukimwambia mvua imenyesha Chinandega, umejuaje? Ninoska akafika mahali anashindwa kumwambia mgonjwa "utapona" bila kusikia sauti ya mzee nyuma ya sikio. Siku moja alichoka. Walikuwa wanazungumzia watoto wenye jicho vivu, wale ambao jicho moja limezoea kubebwa na mwenzake, na dawa yake ni kulibandika lile zima kibandiko ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Saa sita kwa siku, ndivyo kliniki nzima ilivyosema, kwa kuwa ndivyo profesa alivyosema miaka thelathini nyuma.

"Na wewe, profesa," Ninoska akamrushia, "hizo saa sita ulizijuaje?"

Mzee akaacha kubembea.

"Sikujua," alisema. "Nilimsoma aliyemsoma aliyesoma."

Tangu siku ile walipendana kama baba na binti, na swali la utafiti likawa limepatikana: je, saa mbili kwa siku zinatosha? Maana mtoto wa miaka sita kufunikwa jicho zima kwa saa sita ni vita, na mama anayeuza sokoni hana askari wa kutosha.

Walipatikana watoto sabini na mmoja, wa miaka minne hadi saba. Kura ikapigwa, wengine saa mbili, wengine sita. Na wa kuwapima, asijue nani yuko kundi gani, akawa Bi Melba.

Bi Melba Zapata nani asiyemjua? Miaka ishirini na sita chumba kilekile, ubao uleule, mikono minene inayonukia poda, mfuko wa sketi umejaa peremende. Mtoto aliyewapiga mateke wauguzi wawili, ukimkabidhi kwa Bi Melba anatulia. Alitumia ubao wa E: herufi moja tu, imechapwa mara nyingi, kubwa juu na ndogo chini, mara miguu yake inaelekea kulia, mara kushoto, mara juu, mara chini. Mtoto anakaa kwenye kiti kidogo mita nne kutoka ubaoni, anaonyesha kwa mkono miguu imeelekea wapi. Bi Melba husimama kando ya ubao, fimbo mkono huu, kadi ya kuandikia mkono ule. Hakuwahi kumkemea mtoto. "Angalia vizuri, mfalme wangu. Hukosei wewe."

Na watoto wakaona! Baada ya miezi mitatu walipanda mstari mmoja, baada ya sita miwili, wengine mitatu. Makundi yote mawili yalipanda. Saa mbili zilikuwa sawa na saa sita! Ninoska alichora mistari ya maendeleo yao kwenye karatasi, na mistari ikapanda vizuri hata aliibandika jikoni kwake juu ya jiko. Kufikia Oktoba watoto thelathini na wanane walikuwa wamefikia kiwango cha kuambiwa mmepona, ondoeni vibandiko.

Wa kwanza wao alikuwa Keyling, msichana wa miaka sita kutoka Sutiaba, mama yake Reyna mpika mikate ya mahindi. Reyna alikuwa ameweka nadhiri kwa Bikira Maria: jicho la mwanangu likifunguka, Desemba nitagawa miwa, machungwa na peremende kwa kila atakayepiga kelele za kumsifu Bikira mlangoni kwangu. Akagawa kweli. Ninoska alikaribishwa, akaimba na wengine, akapewa muwa mrefu kuliko yeye.

Alihitaji furaha ile, kwa sababu kliniki ilikuwa moto. Mkuu wa idara, Dokta Urroz, alimsubiri koridoni kila wiki. Si mtu mbaya, Urroz. Ana foleni.

"Kila Jumatatu unayokaa na makaratasi yako, Ninoska, vipofu saba wanakaa nyumbani. Jumanne, saba wengine. Nihesabie mwaka mzima."

"Subiri Februari, dokta. Utaona."

"Nitaona, ndiyo. Wao je?"

Alichokuwa nacho Ninoska ni ile mistari juu ya jiko, na aliishikilia kwa mikono miwili. Mistari ile ikisimama mbele ya kamati, watoto wa Nikaragua wangebandikwa saa mbili badala ya sita, na vipofu wa Jumatatu wangekuwa wamengoja kwa sababu. Isiposimama, basi aliwangojesha bure.

Jumatatu ya pili ya Januari Bi Melba alikuja kazini na shavu kama kaficha chungwa. Gego lilikuwa limeng'olewa Jumamosi na halikutoka kwa hiari. Mdomo ulijaa pamba, na leso imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini.

"Nenda nyumbani, Bi Melba."

"Nikafanye nini?" alisema kwa tabu kupitia ile pamba. "Nikaliangalie shavu?"

Akapima watoto tisa kwa fimbo na kuguna tu. Wote tisa walishuka. Mmoja mistari miwili, wengine mitatu, mvulana wa Telica minne. Ninoska akazichukua kadi, akazisoma mara mbili. Alikagua taa za ubao. Akapima zile mita nne kwa utepe, zilikuwa nne. Akawauliza akina mama kama kuna mafua nyumbani, na Januari kuna nyumba gani haina mafua? Akashika hilo, akaandika: mafua.

"Umejuaje kuwa ni mafua?" profesa aliuliza Jumanne.

"Sijui, profesa. Nimechoka. Nipe sababu yoyote niikumbatie."

"Jana kulikuwa na nini ambacho siku nyingine hakipo?"

"Hakuna. Ubao uleule, taa zilezile, Bi Melba yuleyule, ila kafungwa shavu."

Mzee akaweka kikombe chini taratibu.

"Kakae kwenye kile kiti cha mtoto, binti yangu. Usifikiri kwanza. Kaa tu."

Jumatatu iliyofuata shavu lilikuwa limepona. Kabla watoto hawajaingia, Ninoska alijibana kwenye kiti kile, magoti yakamfika kidevuni. Alijivisha fremu ya kupimia, akaweka lenzi nene ya kuuharibu uoni wake, mpaka mistari ya chini ya ubao ikawa ukungu mtupu.

"Unacheza, dokta?" Bi Melba akacheka.

"Nipime kama unavyowapima wao. Anzia mstari wa sita."

Fimbo ikagusa. Ninoska hakuona E yoyote, aliona doa. Akanyoosha mkono kulia. Sawa. Juu. Sawa. Kushoto, chini, kulia. Sawa, sawa, sawa. Alipata zote, mstari mzima, herufi ambazo hakuziona hata moja. Akaiondoa ile lenzi, akamtazama Bi Melba badala ya ubao.

"Endelea," alisema.

Fimbo ikagusa E iliyoelekea kulia. Na midomo ya Bi Melba ikajikusanya, ikachomoza kidogo, ikaelekea kulia.

Sasa nikwambie jambo ambalo sisi wa León hatulioni, maana tumelibeba usoni. Mikono yetu ina kazi. Imebeba ndoo, imebeba mtoto, imebeba sinia la mikate. Ukituuliza soko liko wapi, tunakusukumia midomo kuelekea sokoni, na wewe umeelewa, umeshukuru, umeshakwenda zako, wala hakuna aliyehisi kuwa kimefanyika kitu. Padri hufanya hivyo altareni. Na Bi Melba, mkono mmoja fimbo, mwingine kadi, na moyo wake wote unataka mtoto yule afaulu, angefanyaje? Watoto walikuwa wanakuja kila baada ya wiki sita, na kila walipokuja waliusoma uso wa bibi yao vizuri zaidi. Hakuna aliyewafundisha. Hakuna aliyedanganya. Mtoto humtazama anayempenda.

Ninoska alitoka nje akakaa kwenye ngazi za nyuma. Wiki tatu kabla ya kamati! Miezi kumi na moja! Na akili yake, ile akili nzuri iliyonolewa kwa kalamu nyekundu, ikaanza kumtongoza. Mdomo ni uleule kwa makundi yote mawili, ilisema. Kama kila mtoto amebebwa sawa, basi ulinganisho umesimama: saa mbili bado ni sawa na saa sita. Nani ataathirika? Nani atajua? Alikwenda nalo barazani siku ya pili, akalieleza haraka haraka, na alipomaliza hakuthubutu kumtazama mzee.

Profesa akaifunga kalamu nyekundu.

"Nimekaa kwenye chumba kile mara tatu tangu utafiti uanze," alisema. "Nimemtazama Melba akipima. Sikuona kitu. Nyani haoni kundule. Kosa hili ni letu watatu."

"Lakini ulinganisho, profesa..."

"Ulinganisho tutaujadili. Niambie kwanza. Wale thelathini na wanane uliowaambia waondoe vibandiko, wanaona?"

Ninoska alikuwa amefikiria mistari, kamati, Urroz, na Jumatatu zake. Watoto hakuwafikiria. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Jicho vivu halimsubiri mtu. Kufika miaka saba, minane, mlango unaanza kujifunga, na Keyling alikuwa ameishi miezi mitatu bila kibandiko kwa amri yake yeye.

"Kamati ni yako," mzee alisema. "Utasema au hutasema, sitakushika mkono. Watoto hawana kamati."

Kumwambia Bi Melba kulikuwa kugumu kuliko upasuaji wowote. Alimwambia Jumatano, mlango umefungwa.

Bi Melba alivuta pumzi, akajinyoosha. "Unaniita mwongo? Mimi? Nilikuwa nasimama hapa wewe ukiwa unacheza mdako Nagarote!"

"Sikuiti mwongo, Bi Melba. Kaa kwenye kiti."

"Sikai."

"Tafadhali, mama."

Akakaa, amevimba. Ninoska akamvisha fremu na lenzi nene, akachukua fimbo na kadi, akaamua kwa dhati kubana midomo yake kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Akagusa E ya kwanza. Bi Melba akanyoosha mkono: chini. Ya pili: kushoto. Ya tatu, ya nne, zote sawa. Bi Melba akaing'oa miwani.

"Wee dokta! Mdomo wako huo!"

"Wangu?"

"Unaelekeza kama trafiki! Kushoto, pwaa! Juu, pwaa!" Akaigiza, na alivyoigiza vibaya hivyo, wote wawili wakapasuka kicheko, wakashikana mabega, wakacheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuona kuna nini. Halafu Bi Melba akanyamaza ghafla. Peremende zilikuwa zimemwagika sakafuni na hakuziokota.

"Keyling," alisema.

"Ndiyo."

"Nilimwambia mama yake mwenyewe. Nilimkumbatia." Machozi yakamtoka bila sauti. "Nitakwenda na wewe. Usiniambie nibaki."

Walikwenda Sutiaba Jumamosi asubuhi, wamebeba ubao umefungwa kwa shuka. Reyna alikuwa jikoni, mikono nyeupe kwa unga wa mahindi, akawapokea kwa shangwe, akawapa viti, akawakatia jibini. Ninoska hakuweza kuitia kinywani.

"Mama Keyling, nimekuja kukwambia nilikosea. Nilikwambia jicho limepona. Sina hakika kuwa limepona."

"Dokta, acha utani. Mwanangu anaona. Anauona mpaka mnara wa kanisa."

"Anauona kwa jicho zima. Niruhusu nimpime tena."

Ubao ukatundikwa uani kwenye msumari wa kuanikia nguo. Bi Melba akajifunga leso usoni mpaka chini ya macho, akasimama nyuma ya ubao, ikabaki fimbo tu ndiyo inayoonekana. Keyling akafunikwa jicho zima. Mstari wa kwanza alipata. Wa pili na wa tatu akapata. Wa nne akasita, akainamisha kichwa huku na huku, anautafuta uso ambao haukuwepo.

"Bibi yuko wapi?" aliuliza.

"Nipo hapa, malkia wangu," Bi Melba alisema nyuma ya ubao. "Angalia herufi, usiniangalie mimi."

Mtoto akabahatisha. Akakosa. Akabahatisha tena, akakosa, akaanza kulia kwa kuwa hajazoea kukosa. Reyna alikuwa amesimama na donge la unga mkononi.

"Miezi mitatu," alisema polepole. "Mlimvua kibandiko nikaenda kumlipa Bikira. Nimeimba! Nimewapa watu mia mbili machungwa! Sasa nimwambie nini?" Sauti ikapanda. "Na wewe uliimba nyumbani kwangu, dokta! Ulikula muwa wangu!"

"Nilikula."

"Huoni haya?"

"Naona, mama."

Reyna akalipiga lile donge mezani kwa nguvu, akamvuta mwanawe, akamfuta kamasi kwa aproni.

"Bado kuna muda?" aliuliza, hajageuka.

"Upo. Si mwingi kama ule uliokuwepo Oktoba."

"Basi lete hicho kibandiko. Na ondokeni kabla sijasema neno la kukiri kwa padri."

Wakaondoka. Wiki mbili zilizofuata walizunguka na ule ubao León, Telica, Malpaisillo, mpaka La Paz Centro, Bi Melba na leso yake, Ninoska na daftari. Kati ya wale thelathini na wanane, kumi na sita walikuwa wamepona kweli. Kumi na tisa walirudishiwa vibandiko. Watatu hawakuwapata, wazazi wao walikuwa wamevuka kwenda Kosta Rika kutafuta kazi, na namba za simu zilikuwa hazipatikani. Ninoska aliwaandika majina kwenye karatasi, akaibandika juu ya jiko palipokuwa na ile mistari. Bado ipo.

Siku ya kamati alisimama mbele ya watu watatu, na Dokta Urroz mstari wa nyuma amekunja mikono. Profesa Evenor alikaa pembeni, maana mlezi hapigi kura.

"Matokeo yangu ya miezi kumi na moja si ya kweli," Ninoska alianza. "Nitaeleza nilivyojua, nitaeleza watoto walioumia, na nitaeleza namna ya kuanza upya." Akaeleza yote. Hakumtaja Bi Melba kwa jina. Alisema "sisi wapimaji," na ilikuwa kweli.

Mama mmoja wa kamati, mtu wa takwimu kutoka Managua, akavua miwani. "Dokta Berríos, ungenyamaza, nani angegundua?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

"Kuna mtoto alilia uani kwao," Ninoska alisema.

Walibishana saa nzima. Mmoja alisema mradi umekufa, uzikwe. Urroz alipopewa nafasi alisimama akasema foleni yake ni vipofu mia tatu na arobaini, na kwamba hana lingine. Akakaa. Kisha akasimama tena, akasema pia kwamba yeye hutumia ubao ule kuamua nani apasuliwe, na angependa kujua amewahi kuwapasua wangapi kwa sababu ya mdomo. Hakuna aliyecheka. Kura ikawa wawili kwa mmoja: aendelee, lakini siku moja kwa wiki. Jumatatu irudi kwenye kisu.

"Umepoteza nusu," profesa alimwambia ngazini.

"Sijui kama nimepoteza, profesa."

Mzee akampiga kofi dogo shavuni, akatafuta leso yake, akapenga kamasi kwa kelele nyingi zisizo za lazima.

Kuanza upya hakukuwa na utamu wowote. Watoto walipimwa kila mwezi, ubao ukimficha mpimaji, na mistari mipya aliyoichora Ninoska ilipanda kwa kujikokota, kiasi kwamba mama yake alipoiona aliuliza kama karatasi imegeuzwa. Kuna miezi haikupanda kabisa. Bi Melba aliomba mwenyewe kufundishwa upya, kazi yote kuanzia mwanzo, na akawa anawafundisha wapimaji vijana kwa ukali ambao hakuwahi kuwa nao kwa watoto. "Kubana midomo hakutoshi! Jifiche! Mtoto atakusoma hata nyusi!"

Agosti, siku ya Jumanne, Reyna alimleta Keyling. Tangu Januari alikuwa anakuja kila mwezi, anasalimia kwa kifupi, anakaa, anaondoka. Safari hii alikataa kiti, akasimama mlangoni. Mtoto alikuwa ametimiza miaka saba. Akapanda kwenye kiti kidogo, akajifunika jicho zima mwenyewe kwa kiganja, kama mtu mzima aliyezoea kazi yake.

Nyuma ya ubao fimbo ikaanza kugusa. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, ule alioishia Januari, akaupita bila kusita. Wa nne aliutazama muda mrefu, shingo imenyooka, hakumtafuta mtu. Kulia. Chini. Chini. Juu. Kushoto. Ninoska alikuwa anahesabu kwenye daftari. Fimbo ikashuka mstari wa tano.

Keyling akatazama. Akapepesa. Akatazama tena.

"Huo siuoni," alisema.

Miaka ishirini na sita Bi Melba hakuwahi kumwacha mtoto akaishia hapo. Daima kulikuwa na "jaribu, mfalme wangu," na daima mtoto alijaribu. Nyuma ya ubao haikusikika sauti. Ilisikika kalamu tu ikiandika kwenye kadi.

"Kwa hiyo ni mstari mmoja," Reyna alisema mlangoni. "Miezi saba ya kugombana naye kila siku, ni mstari mmoja. Oktoba mlinipa mitatu."

"Ni mmoja, mama," Ninoska alisema. "Ni kidogo. Lakini huu ni wa kwake."

Reyna alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameteremka kitini na anachungulia nyuma ya ubao amtafute bibi yake. Akaingia ndani kwa mara ya kwanza, akakaa, akaweka kikapu cha mikate miguuni.

"Haya," alisema. "Nipe tarehe ya mwezi ujao."